Mchanga wa Mayu

Siku ya kwanza niliyowapeleka wanafunzi wangu mtoni niliwaambia waje na mabuti ya mvua. Wakaja nayo, wakayavaa, wakatembea nayo kwenye jua la Bariadi mpaka tukafika kwenye kona ya mto, njia ya kwenda Nkololo. Mbuzi walikuwa wamelala katikati ya mto. Mchanga mweupe, mkavu, ukingo hadi ukingo, na nyayo za ng'ombe tu. Kijana mmoja akavua buti lake, akaligeuza, akakung'uta mchanga, akasema, "Mwalimu, maji ni mengi mno, tutazama." Jamani, walicheka! Nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimenuna.

Mimi ni mwanamke wa Lushoto. Kwetu mto unausikia kelele zake kabla hujauona. Nilihamishiwa Simiyu kufundisha uhandisi wa maji na mazingira kwenye chuo cha ufundi ambacho maabara yake ilikuwa kabati moja la mbao lenye chupa zilizopasuka shingo. Wanafunzi walikuwa wakikariri kanuni za jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga, wanazitaja kwa sauti moja kama watoto wa Sunday school, halafu ukimuuliza mmoja wao maji ya kunywa kwao yanatoka wapi anakutolea macho. Ndipo nikasema, basi, kama maabara haipo, mto upo. Mto ndio utakuwa maabara. Sikujua mto wenyewe unakaa chini ya ardhi.

Mwenye kunionyesha alikuwa mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyetokea ukingoni na fimbo mkononi huku sisi tukiwa tumesimama hatujui la kufanya. Tulikuwa tumezunguka shimo lililozungushiwa miiba. Hakutusalimia. Akauliza, "Mmekuja kwenye maji ya mtu, salamu hamna?" Wasichana wa darasa langu, Wasukuma wote, wakapiga magoti palepale mchangani. "Mwadila, Mayu." Akaitikia. Mimi nikabaki nimesimama na mabuti yangu. Akaniangalia kuanzia chini hadi juu, akauliza, "Na huyu wa kuvua samaki ametoka wapi?" Tangu siku hiyo nami nikawa namwita Mayu, yaani mama, kama wote walivyomwita.

Kiangazi kikifika, kule kila kaya huchimba kisima chake kwenye mchanga wa mto na kukizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Aliyechimba ndiye mwenyewe mpaka mvua zinyeshe, mto ushuke kwa mafuriko na kufuta kila kitu, na mwaka unaofuata kila mmoja anarudi kuchimba palepale. Vya wenzake vilikuwa vinakauka kiangazi kikikolea. Cha Mayu, pale kwenye kona, hakikuwahi kukauka tangu aolewe. Wenzake wakaja kuomba kwake, naye akawapa, akiwasimanga kidogo kwanza. Nyumba yake ilikuwa juu ya ukingo, na kaburi la mumewe kando ya nyumba, karibu kiasi kwamba akiwa anachota alikuwa anamsemesha. Alikuwa na ng'ombe wachache na bustani ya mchicha na nyanya. Vyote vilikunywa kwenye shimo lile moja. Aliniambia mapema kabisa, bila kuzunguka, "Kisima hiki kikifa, mimi hapa sina maisha. Nitaenda kulelewa na mtoto Malampaka, kwenye chumba cha kupanga kando ya stesheni ya treni." Alilisema neno kulelewa kama mtu anayetema kitu kichungu.

Nikamwomba atukubalie kuzika bomba la plastiki kando ya kisima chake, tupime maji yanavyopanda na kushuka chini ya mchanga. Akasema tuzike, ila kila maji yakishuka wanafunzi wangu ndio watakaoongeza kina cha shimo, na miiba wataikata wao. "Elimu ya bure hapa hakuna," akasema. Nilimpenda palepale.

Bomba tukalizika, likabaki limechungulia juu ya mchanga kama kiganja kimoja tu, na kifuniko chake. Kila Jumamosi tukawa tunaenda. Unachukua kamba yenye uzito mwishoni, unaipaka chaki, unaishusha ndani ya bomba hadi chini, unaivuta. Pale chaki ilipolowa ndipo maji yalipo. Ni kipimo cha kizamani kabisa, lakini sijawahi kuona darasa linabishana kwa furaha kama lile likibishana juu ya alama ya chaki iliyolowa. Kijana wa buti ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala kifudifudi na kutega sikio kwenye bomba. Walichuja maji ya Mayu kwa mchanga wa Mayu, wakayapima rangi na chumvi, wakaelewa kwa mikono yao kile walichokuwa wakiimba. Na Mayu alikuwa anasubiri juu ya ukingo, anapaza sauti, "Haya, huko chini wamesemaje leo?" Nasi tunamjibu chaki imelowa hadi wapi. Akisikia imelowa vizuri anaguna tu na kwenda zake. Akisikia imepungua, anatelemka na chepe anatukabidhi.

Nasema haya ili ijulikane kwamba tulikuwa na furaha. Watu wakinisikia nikigomba siku hizi wanadhani nilizaliwa hivi.

Chuo chetu kilikuwa kwenye shida. Wakaguzi walishasema wazi: kozi ya maji bila maabara itafungwa, na wanafunzi warudi makwao. Tuliomba maabara, tulipigwa danadana, tukaomba tena, hatimaye fedha zikapatikana na msingi ukachimbwa nyuma ya bwalo. Wanafunzi waliimba siku ile. Mkuu wa chuo, mtu mzuri, mkimya, ambaye alikuwa amelipigania jengo lile hadi shinikizo la damu likampanda, akanishika mkono akasema, "Mwalimu, hili ni lenu." Nami nikatokwa machozi mbele za watu.

Wakati huohuo darasa langu lilikuwa kwenye mradi wake mkubwa. Msichana mmoja kutoka Sola, mwenye mkono wa kuchora ambao sijauona kwa mwingine, aliwaongoza wenzake kutembea mto mzima na nondo ndefu. Kila hatua chache wanaichoma nondo kwenye mchanga hadi inagonga chini, wanaandika kina, wanasonga. Mchanga wenye kina kirefu ndio unaotunza maji, kwa hiyo tulitaka kujua uko wapi. Akachora ramani kubwa ya rangi. Penye mchanga mchache njano, penye mwingi kahawia, na kwenye kona ya Mayu kahawia nzito karibu na nyeusi. Pembeni akaandika kwa herufi nzuri: mchanga safi, punje kubwa, hauna tope. Tukaibandika ukutani siku ya maonyesho ya chuo. Mkuu aliisifia mbele ya wageni wote. Mjenzi wa maabara yetu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, akitikisa kichwa. Nilidhani anaipenda kazi yetu. Na kweli aliipenda.

Jumamosi tukafika kwenye kona tukakuta alama za matairi makubwa. Kwanza sikuelewa ninachokiona. Bomba letu, lililokuwa linachungulia kiganja kimoja, lilikuwa limesimama wima hewani urefu wa mtu. Hakuna aliyelivuta. Mchanga ndio ulioondoka. Upande mzima wa mto ulikuwa umekwanguliwa hadi kwenye udongo mweusi, na miiba ya kisima imetupwa kando. Mayu alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza. Hakutaka kuangalia upande wetu.

"Mwalimu," akasema, "dereva wa tipa ameniambia mchanga unakwenda chuoni kwenu kujengea. Nikamwambia wewe mwongo, mwalimu hawezi."

Yule msichana wa Sola akaanza kulia kwa sauti, kama aliyefiwa, kwa sababu yeye alielewa kabla yangu. Nilikuwa bado nasema, hapana, haiwezekani, labda wamekosea, wakati mtoto wa watu anajipiga mapajani akisema, "Ni ramani yangu. Ni ramani yangu, mwalimu." Mayu akamwangalia. Akaniuliza mimi, "Ramani gani?" Nikageuka nikapanda ukingo.

Nilirudi chuoni kwa bodaboda, vumbi kichwani, sikupita hata nyumbani. Mkuu alikuwa ofisini. Nilimwambia kila kitu huku nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nifanyeje?" akauliza.

"Wachukue mchanga mahali pengine!"

"Wapi? Mwingine una tope, ukuta utapasuka kabla wakaguzi hawajaja. Ramani yenu wenyewe inasema. Kuleta kutoka mbali bajeti haina." Akavua miwani akafuta macho. "Mwalimu, wakaguzi wakikuta boma lisilokwisha wanafunga kozi. Wanafunzi wako wote wanaondoka. Na wewe. Niambie nichague nini, nitachagua."

Ningemtukana ingekuwa nafuu. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakuna aliyekula rushwa. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaniambia kibali kipo na mto si wa mtu. Nikamwambia kuna kisima pale. Akasema kisima ni kile kilichosajiliwa, lile ni shimo tu, kila mwaka linafutwa na mvua, mwenyewe unajua. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimelifundisha darasani. Nilitoka pale, nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri mhuri, nikalia kama mjinga. Watu wakanipisha.

Tipa ilirudi. Nami nilikuwa pale, na darasa langu, na Mayu. Nikasimama mbele ya tipa. Mwanamke mzima, mtumishi wa serikali, na sketi yangu ya kazini. Dereva akazima injini, akatoa chungwa akaanza kulimenya. Hakuwa na haraka. Nikadhani wanafunzi watakuja kusimama pamoja nami. Msichana wa Sola alikuja. Wengine wakabaki ukingoni wakinong'ona, kisha kijana wa buti akatelemka taratibu, akaniamkia upya kana kwamba hatukuja pamoja, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu. Mwalimu, tunakuomba upishe."

"Nini?"

"Tunamaliza mwaka huu. Baba aliuza jozi yake ya ng'ombe wa kulimia ili mimi nisome. Kozi ikifungwa narudi nyumbani kusema nini?" Akageuka kuwaangalia wenzake ukingoni. "Upishe, mwalimu. Tafadhali."

Nikamwangalia yeye, nikamwangalia Mayu. Mungu wangu, sijui nilikuwa nasubiri nini. Labda nilitaka Mayu aseme neno, anikemee, anipige na ile fimbo, anipe sababu ya kubaki. Alikuwa ananiangalia kwa makini tu, kama mtu anayesubiri kuona chaki imelowa hadi wapi. Miguu yangu ikatoka yenyewe. Nikasogea pembeni. Yule msichana alibaki peke yake mbele ya tipa, mpaka nikaenda kumshika mkono na kumtoa.

"Kumbe mko upande mmoja," Mayu akasema. Akachukua ndoo yake akapanda ukingo.

Tulijaribu. Jumamosi zilizofuata tulichimba, hata kijana wa buti alichimba, tena yeye zaidi ya wote, mpaka viganja vikamchubuka. Tulilizika bomba upya kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Tulishusha kamba. Chaki ilikuja imelowa kidogo chini kabisa, kisha kidole kimoja, kisha unyevu tu, kisha haikulowa. Tulipochimba zaidi tuligonga mwamba. Mayu hakuuliza tena kutoka juu huko chini wamesemaje. Mchicha ulikauka kwanza. Nyanya zikafuata. Nilimpelekea maji kwa madumu kwenye bodaboda mara kadhaa, akayapokea, akashukuru kwa wabeja moja, akaingia ndani bila kunikaribisha. Ng'ombe hawanyweshwi kwa madumu ya bodaboda, na sote tulijua.

Maabara ilikwisha. Ilipigwa lipu ikapakwa rangi ya krimu, ikawekewa meza za vigae na mabomba ya maji yanayong'aa. Kwa kuwa bomba la mji lilikuwa halitoi, boza liliitwa likajaza tangi la plastiki juu ya mnara ili wakaguzi wakifungua maji yatoke.

Asubuhi moja kabla hawajafika, mlinzi akanifuata darasani akasema kuna mama getini na ng'ombe. Nikatoka mbio. Alikuwa Mayu, na khanga yake ya kutokea, na shemeji yake nyuma akiwazuia ng'ombe. Shemeji anawapeleka kwake upande wa Sola, akawatunze. Yeye anapanda gari kwenda Malampaka. Begani alikuwa amebeba bomba letu la plastiki, lote, na kifuniko chake.

"Mwangaluka, mwalimu. Hii mali yenu. Nimeing'oa. Nisije nikasingiziwa nimeiba mali ya serikali."

Nikalipokea. Akageuka akaangalia jengo. Akalisogelea, akaweka kiganja ukutani, nyuma ambako rangi haikufika, akakwaruza kidogo kwa ukucha. Punje chache zikaanguka. Akazisugua kati ya vidole, akatikisa kichwa. "Ndio wenyewe," akasema. Halafu akaniuliza kama ng'ombe wanaweza kupata maji, maana Sola ni mbali.

Nikafungua bomba la nje. Mlinzi akaja anapiga kelele, "Mwalimu, hayo ya wakaguzi!" Nikamwambia aende akaniripoti, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Wanafunzi walitoka na ndoo za maabara, mpya, bado zina karatasi za dukani, wakawanywesha ng'ombe wa Mayu mmoja mmoja hadi wakashiba. Mayu alisimama kuwasimamia, akikaripia anayeishika ndoo vibaya. Kwa muda mfupi ilikuwa kama Jumamosi zetu.

"Siondoki moja kwa moja," akaniambia tukiagana. "Mvua zikija mto utashuka, utaleta mchanga mwingine. Kila mwaka unaleta. Utanipigia simu, ng'wana wane." Mwanangu, ndivyo alivyoniita, kwa mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyefundisha darasani mchanga wa kina kile unachukua miaka mingapi kujaa. Nikamwambia nitapiga.

Wakaguzi walikuja. Walifungua mabomba, maji yakatoka. Kozi ilibaki. Kijana wa buti alipata cheti chake, na siku ya mahafali baba yake alinishika mikono yote miwili. Nilifurahi. Naapa nilifurahi, na nilikwenda chooni nikatapika.

Mvua zilinyesha. Mto ulishuka alasiri moja kwa kishindo, mwekundu, umebeba matawi na mbuzi wa mtu. Siku zilizofuata ulikuwa umepita wote. Zamani mchanga ungeunyonya na kuutunza. Safari hii pale kwenye kona hapakuwa na cha kuunyonya, ukapita kama gari lisilo na kituo. Mimi na yule msichana wa Sola tulirudi na bomba, tukalizika penye mchanga kidogo uliotuama. Sikumpigia Mayu. Nilikuwa nasema nitapiga kesho.

Akapiga yeye. Tulikuwa palepale mtoni. Nyuma ya sauti yake treni ilikuwa inapiga honi.

"Mwalimu! Huku imenyesha usiku kucha. Huko je?"

"Imenyesha, Mayu."

"Mto umeshuka?"

"Umeshuka."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tipa ije. "Nilijua! Nimemwambia shemeji awaandae ng'ombe. Hapa sikai, mwalimu, mkwe wangu ananipimia hata chumvi. Uko mtoni?"

"Niko mtoni."

"Haya, shusha ile kamba yenu. Niambie imelowa hadi wapi."

Msichana akaipaka chaki, akaishusha, akaivuta. Ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini. Akaniangalia na machozi yanamtiririka, akiwa ameishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Haijalowa, Mayu," nikasema.

Nilisikia watu wa stesheni, mtu anaita abiria, mtoto analia.

"Pima tena," akasema.

Nikaichukua kamba nikaishusha mwenyewe.